Mbegu za asili au chotara kwa bustani ya nyumbani: amua zao kwa zao

SWALI: Ninaishi Kigamboni, na nyuma ya nyumba nina eneo la mita 4 kwa 6 ninalotaka liwe bustani ya mboga za kula nyumbani. Dukani wananiambia nichukue F1, yaani mbegu chotara, kwa sababu ndizo zinazozaa. Mama mkwe anasema mbegu za asili ndizo zenye ladha, na hazimalizi hela. Msimu uliopita nilikamua mbegu kwenye nyanya zangu za F1 nikazipanda. Kila mche ukazaa la kwake, na mingi ikajikunja majani. Nishike lipi? Na mbegu zilizobaki kwenye chupa nizitupe?

JIBU: Dada, muuza pembejeo na mama mkwe wote wana hoja, ila kila mmoja ana zao lake kichwani. Muuzaji anawaza nyanya na kabichi za kupeleka sokoni. Mama mkwe anawaza mchicha, kunde na bamia. Bustani yako itakuwa na vyote, kwa hiyo usiichagulie upande mmoja.

Kwa Kigamboni na kwa mita 24 za mraba, mgawanyo wangu ni huu: nyanya ndilo zao ambalo chotara inaweza kukulipa. Mchicha, mnavu, kunde, bamia, nyanya chungu, maboga na pilipili, panda za asili au zilizoboreshwa, na mbegu ujitunzie mwenyewe. Karoti, vitunguu na kabichi utanunua mbegu kila mara upende usipende, na sababu utaiona chini.

Kwanza tutoe mkanganyiko wa majina, maana dukani aina ni tatu na watu huzungumzia mbili tu. Kuna mbegu za asili, ambazo familia au kijiji kimezitunza kwa vizazi. Kuna zilizoboreshwa za uchavushaji huru, ambazo wakati mwingine pakiti zake huandikwa OPV: zimepitia kwa watafiti, zimechaguliwa kwa kinga au mazao, lakini ukitunza mbegu yake vizuri unapata mmea uleule. Nyanya za Tanya, Tengeru 97, Cal J na Roma VF ziko kundi hili, vilevile bamia ya Clemson Spineless na hoho ya California Wonder. Halafu kuna chotara, F1, inayotokana na kuchavusha kwa makusudi mistari miwili ya wazazi iliyosafishwa kwa vizazi kadhaa. Kundi la katikati ndilo linalosahaulika, na kwa bustani ya nyumbani mara nyingi ndilo jibu.

Chotara si mbegu iliyobadilishwa vinasaba maabara. Ni uchavushaji wa kawaida. Kwa nyanya unafanywa kwa mkono ua kwa ua, na ndiyo maana ni ghali. Wala si kweli kwamba mbegu za tunda lake ni tasa. Zako ziliota, umeona mwenyewe.

Kilichokupata ni hesabu ya urithi. Mche wa F1 una nusu ya kila mzazi, na miche yote ya pakiti hufanana. Ukikamua mbegu kwenye tunda lake, sifa zile zinagawanyika upya na kila mbegu inabeba mchanganyiko wake. Chukua kinga moja inayotawala: kati ya miche minne ya kizazi cha pili, mitatu kwa wastani itakuwa nayo, mmoja hana. Mbegu ikiwa na kinga nne zinazorithiwa kila moja peke yake, miche iliyobaki na zote nne ni kama mmoja tu kati ya mitatu. Kujikunja kwa majani ambako wakulima wengi hukuita rasta ni virusi vinavyoletwa na inzi weupe. Aina uliyonunua huenda ilikuwa na kinga yake, na sehemu ya watoto wake hawakuirithi. Hizo za kwenye chupa si sumu. Panda chache pembeni kama una nafasi ya kuchezea, lakini usizitegemee kwa kitoweo.

Sasa nyanya, kwa sababu ndiyo itakayokusumbua.

Pakiti nzuri ya chotara ina herufi nyuma yake, na thamani ya pesa yako imo humo kuliko kwenye picha ya mbele. V ni mnyauko wa Verticillium, F au Fol ni mnyauko fuzari, N au Mi/Ma/Mj ni minyoo fundo, ToMV ni batobato ya nyanya, TYLCV ni huo ukunjaji majani, Rs ni mnyauko bakteria. HR ina maana kinga ya juu, IR kinga ya kati, yaani mmea utaugua lakini kidogo. Pakiti iliyoandikwa F1 na "mazao mengi" bila hata herufi moja haina sababu ya kukutoa pesa ya ziada. Kwako, herufi za kutafuta ni TYLCV kwanza, kisha Rs. Usilipie kinga ya bakajani chelewa kama ndiyo sifa pekee inayotangazwa: ugonjwa huo unapenda ubaridi na unyevu wa Lushoto au Mbeya, si joto la Kigamboni. Na usimwamini mtu anayekuuzia nyanya "isiyoliwa na kantangaze". Yule mdudu, aliyeonekana nchini mwaka 2014, hazuiwi na herufi yoyote ya pakiti. Anazuiwa na chandarua, mitego na kuondoa majani yenye michoro.

Herufi N ina mtego wake Pwani. Kinga ya minyoo fundo kwenye nyanya nyingi inatoka kwenye kijeni kimoja, Mi, na kijeni hicho hulegea joto la udongo likipita nyuzi 28 za Selsiasi. Udongo wa kichanga ulioachwa wazi juani Kigamboni unavuka hapo kwa urahisi. Mtu ananunua mbegu ya bei, anang'oa mche na kukuta mizizi ina vifundo kama tangawizi, halafu analaumu duka. Weka matandazo ya nyasi kavu unene wa sentimita 7 hadi 10, changanya nusu debe la samadi iliyooza kwa kila mita ya mraba, na usirudishe nyanya, hoho au bilinganya mahali palepale mfululizo. Bila hayo, N haina kazi.

Msimu nao una uzito kuliko aina ya mbegu. Usiku ukiwa wa joto, juu ya nyuzi 22 au 23, maua ya nyanya nyingi hupukutika bila kushika tunda, na hapo ndipo zile za asili zenye matunda makubwa zinapoaibika Pwani. Sia mbegu kitaluni mwanzoni mwa Mei, hamisha miche mwanzoni mwa Juni masika ikiwa imepungua, ili maua yaje kwenye kipupwe. Ukipanda kwa ajili ya kuzaa Januari, hata chotara itakuchekesha, labda uchague ile iliyoandikwa wazi kwamba inastahimili joto.

Kwa familia ya watu watano, miche 10 hadi 12 inatosha, sentimita 50 mche hadi mche na 75 mstari hadi mstari. Gramu moja ya mbegu ya nyanya ina mbegu zipatazo 300. Kwa hiyo pakiti ya gramu 10, hata ya bei rahisi, ni mara mia mbili ya unachohitaji, na nyingine itazeekea kabatini. Ukitaka chotara, nenda kwa wazalishaji wa miche ununue miche 15 ya aina unayoijua jina, kwenye trei. Geuza majani uangalie chini. Ukiona vidudu vyeupe vinaruka, ondoka. Mche ulioambukizwa kitaluni hauponi, hata uwe na cheti.

Kama eneo lako limewahi kunyausha nyanya ghafla majani yakiwa bado ya kijani, fanya jaribio hili kabla ya kununua chochote. Kata shina la mmea ulionyauka karibu na udongo, kipande cha sentimita 10, ukining'inize ndani ya glasi yenye maji safi, ncha ya chini ikigusa maji. Ukiona ndani ya dakika chache uzi mweupe kama maziwa unateremka kutoka kwenye shina, hiyo ni mnyauko bakteria. Hapo mbegu ya asili usihangaike nayo. Chukua aina yenye Rs, au panda nyanya kwenye viroba vya udongo ulioletwa kutoka kwingine, vikae juu ya matofali.

Na kama ardhi yako ni mpya, haina historia hiyo? Jaribu Tengeru 97. Hiyo na Tanya zilitoka kwenye utafiti wa mboga wa Tengeru, Arusha, zikaidhinishwa mwaka 1997. Tengeru 97 ina uvumilivu wa minyoo fundo na mnyauko fuzari (onyo la joto ni lilelile), na Tanya ina tunda gumu linalokaa muda mrefu bila kuoza. Mbegu yake unajitunzia. Nyanya hujichavusha yenyewe, kwa hiyo ukiacha mita 3 kati ya aina mbili, mchanganyiko ni mdogo mno kukunyima usingizi.

Kukamua kwenyewe: chagua mmea, si tunda. Watu wengi huchukua tunda kubwa kuliko yote jikoni, kumbe limetoka kwenye mche uliougua. Tia alama ya kitambaa kwenye miche miwili au mitatu yenye afya, acha matunda yaive hadi yaanze kulegea. Kata, kamulia mbegu na maji yake kwenye kopo, ongeza maji kidogo, funika kwa kitambaa chepesi, acha siku mbili. Joto la Dar likiwa kali, moja na nusu. Utaona utando juu na harufu itakuwa kali. Ule ute unaozunguka mbegu, ambao huzuia isiote ndani ya tunda, umekwisha kuoza. Usipitishe siku tatu, mbegu zitaanza kuota humo. Jaza maji, koroga, mwaga zinazoelea, rudia hadi maji yawe safi. Anika kivulini kwenye sahani au chujio. Ukianika juu ya gazeti zitaganda nalo. Zigeuze mara mbili kwa siku.

Kuhusu ladha, mama mkwe hakosei, ila sababu si uchotara. Nyanya nyingi za F1 zilizoko madukani zimetengenezwa kwa ajili ya tenga na lori: ngozi ngumu, nyama nzito, zikae wiki mbili bila kupasuka. Wewe unaichuma mita tano kutoka jikoni, huhitaji ngozi hiyo. Zipo chotara za nyanya ndogo zenye utamu kuliko nyingi za kienyeji, na zipo za kienyeji zilizojaa maji. Tena ukimwagilia kila siku mpaka mwisho, nyanya yoyote itapooza. Matunda yakianza kubadilika rangi, punguza maji.

Mboga za majani hazina mjadala mrefu. Mchicha, mnavu, mgagani, kunde: chotara hazina cha kukuongezea, kwa sababu unavuna majani mfululizo na hushindani na mtu kwa usawa wa ukubwa. Kama unataka kitu kizuri zaidi ya cha pori, tafuta mchicha wa Madiira 1 au mnavu wa Nduruma au Olevolosi, zote zimeboreshwa na mbegu zake zinarudi vilevile. Mchicha huchavushwa na upepo, kwa hiyo acha mimea isiyopungua 10 itoe maua pamoja, na ng'oa mchicha pori wote jirani kabla haujachanua. Usitunze ule unaochanua mapema kuliko mingine. Wengi hufanya hivyo kwa sababu ndio unaowahi kukauka, na baada ya misimu mitatu wana mchicha unaokimbilia mbegu ukiwa na majani manne.

Pilipili na hoho ziangalie. Ukipanda hoho karibu na pilipili kali, hoho ya mwaka huu haitawasha, maana nyama ya tunda ni ya mama yake. Mbegu zilizomo ndani ndizo zinazoweza kuwa zimechanganyika, na utalia mwakani. Dawa yake ni kipande cha chandarua: shonea mfuko mdogo, vika tawi lenye vichipukizi vya maua kabla hayajafunguka, litikise kila asubuhi. Tunda likishashika ondoa mfuko, funga uzi wa rangi kwenye kikonyo ili lisichumwe na mtoto.

Maboga, matango na matikiti hutegemea nyuki, na nyuki hana uzio. Boga halichanganyiki na tango wala tikiti, lakini boga na boga la jirani la jamii moja, ndiyo. Ukitaka mbegu safi, jioni tafuta ua dume na ua jike ambayo ncha zake zimeanza kuwa njano, maana yake yatafunguka kesho. Jike ana kiboga kidogo chini ya ua, dume ana kikonyo kitupu. Funga ncha zote mbili kwa uzi. Alfajiri chuma dume, vua petali zake, fungua jike, paka chavua katikati, kisha mfunge jike tena. Liache boga hilo likomae kabisa na, baada ya kulivuna, likae wiki tatu ndani kabla ya kulipasua. Na ushike hili: boga au mamumunya yakiwa machungu kwa ulimi, tema, mwaga sufuria nzima. Uchungu ule ni sumu ya asili inayoweza kurudi mbegu zikichanganyika ovyo, na kupika hakuiondoi.

Kwa nini basi kabichi, karoti na vitunguu ununue? Kwa sababu ili vitoe maua vinahitaji wiki kadhaa za baridi ambayo Pwani haipo. Kabichi inaweza kufunga kichwa Kigamboni, lakini mbegu hutaiona. Kwa kuwa utanunua tu, nunua inayofaa joto, na hapo chotara ina maana. Mimi ningeiacha kabichi kabisa kwenye eneo dogo hivyo nikapanda figiri na sukuma wiki, ambayo vichipukizi vya pembeni ukivichomeka vinashika mizizi. Vitunguu vina jambo moja la kujua: chagua aina za siku fupi kama Red Creole au Bombay Red. Watu huagizia mbegu nzuri za kale za Ulaya, wakapanda, na vitunguu vikaishia majani tu, kwa sababu aina zile husubiri saa 14 au zaidi za mwanga ndipo zijaze kichwa. Sisi tuna 12.

Dukani, kataa mbegu inayochotwa kwa kijiko kutoka kwenye kopo lililofunguliwa. Kopo lile limevuta unyevu miezi, na jina la aina ni la mdomoni. Angalia tarehe ya mwisho, kiwango cha uotaji, na lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu; lebo hiyo ina sehemu ya kukwangua upate namba ya kuhakiki kwa simu. Fuata maelezo yaliyochapwa juu yake. Pakiti iliyokaa kwenye kioo cha mbele inapigwa jua, omba ya ndani. Mbegu yenye rangi ya waridi au kijani imepakwa dawa ya ukungu, usiiloweke kwenye bakuli la chakula.

Ukishatunza zako, adui mkubwa ni hewa ya bahari. Kila asilimia moja ya unyevu unayopunguza ndani ya mbegu huongeza maradufu, kwa makadirio, muda itakaoishi. Kukausha kivulini peke yake hakutoshi Dar. Kaanga mchele bila mafuta mpaka ubadilike rangi kidogo, uache upoe ndani ya chombo kilichofunikwa, jaza nusu ya chupa yenye kifuniko cha kubana, weka mbegu juu yake kwenye bahasha za karatasi, funga wiki mbili. Kisha hamishia bahasha kwenye chupa nyingine kavu, andika aina na mwezi, iweke kwenye friji. Siku ya kupanda, toa chupa uiache mezani saa kadhaa kabla ya kuifungua. Ukiifungua ikiwa baridi, umande utaingia kwenye mbegu na kazi yote itakuwa bure. Kunde, ambazo hubunguliwa, zikishakauka kabisa zipitishe kwenye friza siku nne kwanza. Mbegu za vitunguu usizihesabie zaidi ya mwaka. Nyanya zikitunzwa hivyo hufika minne.

Kabla ya kila msimu, kunja mbegu 20 kwenye kitambaa chenye unyevu, ndani ya mfuko wa plastiki, mahali penye joto. Nyanya zihesabu siku ya 10, pilipili siku ya 14. Zikiota 16 kwenda juu, panda kawaida. Zikiwa kati ya 10 na 15, weka mbili kila shimo. Chini ya hapo, nunua mpya. Jirani akizipenda, mgawie, ila usianze kuziuza: biashara ya mbegu inapitia TOSCI, hata ukiwa unafunga za mchicha kwenye vipakiti vya mkono.